Mota Aliyoisuka Bi Mwamvita

Ukifika kwenye karakana ya Bi Mwamvita Saidi, kule Kanyenye nyuma ya maduka ya vitenge, ukasema mota yako imeungua tu yenyewe, hupati jibu. Anakutazama kuanzia viatuni, anapanda taratibu mpaka kwenye kofia, kisha anarudi kwenye waya zake kama mtu aliyefungua barua akakuta si yake. Mota haiungui yenyewe. Mota inaunguzwa, na mwenye kuiunguza mara nyingi ndiye huyo huyo aliyeibeba na kuileta.

Alikuwa na miaka hamsini na saba, mwili mdogo, vidole vigumu kama koleo. Kazi yake ilikuwa kusuka mota: kung'oa waya za shaba zilizoungua tumboni mwa mota, kuzihesabu mzunguko kwa mzunguko, kisha kuingiza waya mpya kwa mkono, kuzifunga, kuzimwagia vanishi na kuzikausha. Alifundishwa na baba yake, fundi Saidi, ambaye ukoo wake ulifika Tabora na misafara ya zamani ukaona hakuna haja ya kuendelea mbele. Baba alimwachia nyundo ya mbao, jiko la kukaushia, na desturi moja: waya wa mwisho ufungwe kwa uzi mwekundu.

"Mota ikirudi imeungua," mzee alikuwa akisema, "tufungue tuone kama aibu ni yetu au ya jirani."

Katika miaka thelathini na moja, mota zenye uzi mwekundu zilizorudi na aibu zilikuwa mbili. Bi Mwamvita alizikumbuka vile watu wanavyokumbuka meno yao yaliyong'olewa.

Sasa fikiria mtu wa namna hiyo, mwezi wa pili, mvua imeshika, amekaa na chai yake, anafungua simu na kukuta kwenye kundi la WhatsApp la mafundi umeme wa magharibi picha ya mota iliyofunguliwa kifuniko. Uzi mwekundu unaonekana. Chini yake sauti ya kijana, nyororo, ya mtu aliyeshiba: "Wakubwa, hii ndiyo tunaita kazi ya kienyeji. Mota imesukwa kama mkeka, halafu watu wanalaumu inveta."

Kundi lilikuwa na watu mia mbili na kumi na moja. Kumi na saba walicheka kwa vile vikatuni vya machozi. Bi Mwamvita aliwasoma mmoja mmoja, na tisa kati yao walikuwa wamejifunza kushika koleo karakanani kwake.

Aliiacha chai. Mota ile aliijua: ya kinu cha mpunga cha Mzee Masolwa, Urambo, aliyoisuka mwezi wa kumi. Alimpigia simu mzee mwenyewe.

"Shikamoo mzee. Nasikia mota yangu inatukanwa huko kwako."

"Marahaba, Bi Mwamvita. Haitukanwi, inazima. Kila baada ya siku mbili tatu kinu kinakufa katikati ya kazi, foleni ya wateja imefika barabarani. Nimeleta injinia kutoka Dar es Salaam. Anasema kosa ni mota."

"Kesho nakuja."

"Njoo. Lakini Jumamosi kuna fuso linapita. Injinia akisisitiza, naipakia inakwenda Mwanza ikasukwe upya. Na wenye vinu wenzangu wakiniuliza, siwezi kuwadanganya."

Hapo ndipo palipokuwa na uchungu. Wenye vinu wa Urambo ni wachache na wanakula meza moja. Mota ikipanda fuso Jumamosi, jina la Bi Mwamvita linapanda nayo, na karakana ya Saidi inabaki kibanda cha kutengenezea feni za mezani.

Basi la Urambo linafuata njia ile ile waliyopita wapagazi wakielekea Ujiji. Tangu enzi hizo mwenye mzigo hajaacha kumdharau anayeubeba, na Bi Mwamvita, akiwa na begi la vifaa mapajani, overoli ya bluu na kilemba kilichobanwa, aliyaona mashamba ya tumbaku yakipita dirishani bila kuyaonea huruma wala kuyasifu.

Mzee Masolwa alimpokea stendi kwa gari lake. Walipolikaribia geti la kinu, mlinzi alitia vidole mdomoni akapiga mbinja mara mbili, ndipo akafungua. Ndani kukatokea mshikemshike: mwanamke mmoja alikimbia na sufuria, mwingine alikwapua khanga kwenye kamba, mtoto akatoka kwa mlango wa nyuma akisukumwa mgongoni. Gari lilipozimwa, kila mfanyakazi alikuwa amesimama mahali pake na uso wa mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

"Nidhamu," alisema Masolwa kwa fahari. "Humu ndani sitaki chakula, sitaki nguo, sitaki mtoto. Wanajua."

Bi Mwamvita alimtazama kuanzia viatuni, akaishia kiunoni. Juu hapakuwa na haja.

Kitu kilichokuwa kinazima kinu ni inveta, na kwa asiyeijua ni hivi: ni sanduku lenye kioo kidogo linalokaa kati ya umeme na mota. Zamani mota ya kinu ikiwashwa iliruka kama punda aliyechomwa mwiba, taa za mtaa mzima zikapepesa. Siku hizi inveta inaupokea umeme, inaupima, inaimegea mota kidogo kidogo mpaka ishike mwendo, na anayetaka kinu kizunguke polepole anakipata polepole. Ni kitu cha kustaajabisha kweli. Tena ikihisi jambo la kuiua, inazima kila kitu na kuandika namba kwenye kioo, na maana ya namba iko kwenye kijitabu. Yaani ni mashine inayosema yenyewe inaumwa wapi. Na binadamu, baada ya kupewa mashine ya ajabu kiasi hicho, wakaiwekea kitufe chekundu cha kuinyamazisha.

Bingwa wa kitufe hicho alikuwa Mathias. Injinia Mathias, miaka thelathini, fulana yenye kola, begi la kompyuta ambalo halikufunguliwa hata mara moja siku hiyo.

"Mambo, mama," alisema.

Bi Mwamvita alisubiri shikamoo ifike. Haikufika.

"Wewe ndiye uliyesema mota yangu imesukwa kama mkeka?"

"Sikumtaja mtu, mama."

"Ulipiga picha uzi wangu."

"Uzi una shida gani? Mimi naongelea ufundi."

"Haya, tuone huo ufundi."

Mlangoni mwa kabati la chuma lenye inveta ndani palining'inia daftari la mashine. Bi Mwamvita alilifungua. Mistari kumi na minne, mwandiko mzuri wa Mathias, yote sawasawa: tarehe, saa, F7, imerisetiwa, inafanya kazi. Mara kumi na nne mgonjwa amesema tumbo, mara kumi na nne daktari amemziba mdomo na kuandika kwamba amepona.

"F7 ni nini?"

"Joto. Inveta inachemka kupita kiwango."

"Inachemka. Kwa hiyo kosa ni la mota."

"Mama, inveta inachemka kwa sababu mota inakula umeme mwingi. Mota inakula mwingi kwa sababu waya zimesukwa vibaya. Ni mantiki ya kawaida tu."

Bi Mwamvita alichukua kijitabu, akalamba kidole, akafika kwenye F7. Palikuwa na sababu tatu za kuangalia kwa mfuatano. Matundu ya hewa yameziba. Feni imekufa. Mzigo wa mota umezidi. Mathias alikuwa ameruka mbili za kwanza kwa sababu hazina mtu wa kulaumu.

"Matundu yako wazi na feni inazunguka," alisema Mathias alipoona kidole chake kimesimama. "Hata mimi nimesoma, mama."

Ni kweli. Feni ya mlangoni ilivuta hewa baridi vizuri, na hewa ya moto ilitoka juu ya kabati kwenye matundu. Kinu kilikuwa kinaunguruma bila wasiwasi. Bi Mwamvita alitoa mita yake yenye taya, akaibana kwenye waya wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ampea ishirini na tisa, ishirini na tisa, thelathini. Kibati cha mota kiliruhusu thelathini na saba. Akaweka kiganja kwenye mgongo wa mota, akakiacha hapo kama mtu anayempima mtoto homa. Uvuguvugu tu.

"Inakula kidogo kuliko haki yake," alisema.

"Sasa hivi," alijibu Mathias. "Ikianza kuharibika ndiyo inakula. Bahati mbaya haiharibiki mbele yako."

"Wala mbele yako. Umewahi kuiona ikizima kwa macho yako?"

Mathias alikohoa. "Huwa wananipigia simu. Nikifika naiwasha."

Hoja yake haikuwa ya kipuuzi, na hilo ndilo lililomuudhi Bi Mwamvita. Waya mbovu unaweza kweli kujificha ukiwa baridi na kujidhihirisha ukiwa moto. Bila kuiona ikizima, hakuwa na la kusema, na Masolwa alikuwa ameshaanza kutikisa kichwa kwa namna ya mtu anayempangia fuso nafasi.

Wakati wa chakula Mathias alikaribishwa mezani ofisini kwa mzee. Bi Mwamvita alipewa sahani kwenye benchi la mlangoni. Wali, na uyoga wa karanga.

"Mvua yote hii mmeukaushaje uyoga, mzee?" Mathias aliuliza, mdomo umejaa.

"Nina mtu wangu. Kila Ijumaa naletewa. Tena vichwa vitupu, vijiti vinanishinda na meno haya."

Bi Mwamvita alitafuna. Uyoga wa masika hukaushiwa juu ya moto, nao hunuka moshi mpaka kwenye kucha. Huu haukuwa na moshi. Ulikuwa na harufu ya mbali ya pumba za mpunga. Akaona ajabu, akaendelea kula, maana alikuwa na jambo kubwa zaidi la kukasirikia.

Alirudi kwenye kabati, akavuta stuli, akapanda. Juu ya kabati, kama juu ya kila kitu kinuni, vumbi la pumba lilikuwa limelala nene kama unga. Isipokuwa sehemu mbili. Duara mbili safi, zimebanana, pana kama kumbatio la mtoto, na zote mbili zilikuwa juu ya matundu ya hewa.

"Binti," alimwita mwanamke aliyekuwa akiendesha mashine, mrefu, kitambaa cha kijani kichwani. "Jina lako nani?"

"Rustika, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Hapa juu mnaweka nini?"

"Hatuweki kitu, mama."

Rustika aliangalia sakafu. Wenzake wawili nao wakaiangalia sakafu, kama vile ilikuwa imefika leo. Bi Mwamvita alishuka stuli. Alikuwa ameulizia kwenye kinu cha mbinja, kinu chenye sura mbili, na sura aliyokuwa akiiona ndiyo ile ya kitambulisho.

"Jumamosi, mzee," alimwambia Masolwa. "Kabla ya Jumamosi usiiguse."

Alilala kwa shemeji yake, mtaa wa karibu na stesheni ya reli, na Jumatano nzima alikaa na picha ya lile daftari kwenye simu. Saa zote zilikuwa kati ya nne asubuhi na saba mchana. Kila ilipotokea F7, Mathias alikuwa nyumba ya wageni akisubiri kupigiwa simu. Kila Masolwa aliposhinda kinuni akikagua nidhamu yake, kwa siku alizomtajia mwenyewe kwa simu, hapakuwa na mstari. Ukifikiri ni mota, basi hiyo ilikuwa mota yenye adabu kuliko wenye kinu, inayoharibika wakubwa wakiondoka tu.

Alhamisi alimwomba shemeji gunia la mpunga. Akavaa baibui, akajitanda ushungi, akabeba kikapu, akalipakia gunia kwenye baiskeli ya kukodi na kwenda kusimama kwenye foleni ya kinu kama mama yeyote. Hakujificha uso. Hakukuwa na haja. Watu wale walikuwa wameikariri overoli. Uso wa mwanamke wa makamo aliyeshika gunia hakuna anayeusumbukia, na katika maisha yake yote hiyo ilikuwa mara ya kwanza dharau ya watu kumfaa kitu. Mlinzi alimwambia, "Sogea, bibi, usizibe njia," akasogea.

Saa tatu mbinja haikulia, gari la mzee halikuja, na kinu kikavua sura yake. Sufuria ya maharage ilipanda jikoni nyuma ya mashine. Khanga zilirudi kwenye kamba. Mtoto akaja kulala kwenye magunia. Na Rustika, kwa mwendo wa mtu anayefanya jambo la kila siku, alitoka stoo na ungo umejaa uyoga mbichi, akapanda stuli, akauweka juu ya kabati. Akarudi stoo, akaja na wa pili. Akautandaza uyoga kwa vidole, kwa upole, asiuvunje, akashuka na kufuta mikono.

Bi Mwamvita alikaa juu ya gunia lake. Kwa saa nzima na nusu alisikiliza mlio wa kinu vile wengine wanavyosikiliza taarabu. Mama aliyekuwa nyuma yake alimuuliza kama ni mgonjwa.

"Namsubiri mtu afe," alijibu, yule mama akahama foleni.

Saa tano kasorobo kinu kilishuka sauti, kikanung'unika, kikanyamaza. Foleni ikaguna. Rustika alikuwa ananyoosha mkono kuziteremsha nyungo kabla injinia hajapigiwa simu, mkono wa baibui ulipomshika.

"Usiguse."

"Bibi, rudi kwenye foleni, huku kuna umeme."

"Najua kuna umeme. Nyinyi ndio hamjui." Akatoa mita kikapuni, na hapo Rustika akamtambua, akakaa chini pale pale penye pumba.

"Mama, nisamehe. Masika hakuna jua. Pale juu panatoka hewa ya moto, kavu, siku mbili tu uyoga unalia kama karatasi. Hatukujua kama ndiyo inayozima. Tungejua…"

"Inveta inahema kwa juu. Wewe umeiwekea mto puani, tena mto uliolowa. Siku ambayo maji yangedondoka ndani, ungezikwa na uyoga wako." Alishachukua simu. "Mzee Masolwa, imezima. Njoo na injinia wako."

"Mama, atanifukuza. Nina watoto Ulyankulu. Ngoja nizishushe, useme umeona vumbi tu."

"Ukizishusha, mota yangu inapanda fuso. Mimi nami nina jina."

Rustika alizitazama nyungo. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, akiwa haombi tena:

"Moja ni yangu. Ule wa kushoto si wangu."

"Wa nani?"

"Wa mzee."

"Mzee yupi?"

"Mzee Masolwa. Anapelekewa kila Ijumaa. Hajawahi kuuliza naukaushia wapi."

Bi Mwamvita alipanda stuli. Ungo wa kulia ulikuwa uyoga wa kawaida, mkubwa kwa mdogo, na vijiti vyake. Wa kushoto ulikuwa vichwa vitupu, vimepangwa kwa ukubwa. Alikumbuka wali wa Jumanne, benchi la mlangoni, harufu ya pumba. Yeye mwenyewe alikuwa ameula ushahidi na kuunywea maji.

Alicheka, cheko dogo kavu, la kwanza tangu afungue ile simu.

Mbinja ikalia mara mbili. Kinu kizima kikaruka: sufuria, khanga, mtoto. Mikono ya Rustika ikainuka yenyewe kuelekea kabatini, na Bi Mwamvita akaikamata yote miwili, akaishusha.

"Leo utasimama," alisema. "Na mimi nitasimama hapa."

Masolwa aliingia, Mathias nyuma yake. Mathias alienda moja kwa moja kwenye kioo.

"F7," alisema, akitabasamu. "Nilisema au sikusema?" Kidole kikaelekea kwenye kitufe.

"Weka hicho kidole mfukoni," alisema Bi Mwamvita. "Shika mota."

"Mama, mimi si…"

"Si inachemka? Si ndiyo inakula umeme mwingi? Ishike basi, mara kumi na nne umeiandika bila kuisalimia."

Watu wa foleni walikuwa wameshasogea. Mathias aliinama, akagusa mota kwa ncha ya vidole, kisha kwa kiganja. Akakiacha pale. Uvuguvugu.

"Sasa shika kabati."

Alilishika, akarudisha mkono haraka na kuupuliza.

"Sasa, injinia, inua macho. Ni bure."

Mathias aliinua macho. Masolwa naye akainua.

"Nani kaweka hivi vitu kwenye mashine yangu?" Masolwa aliuliza. Sauti yake ilijaa kinu. "Nani? Leo mtu anakwenda kwao."

"Panda stuli, mzee, uangalie kwanza," alisema Bi Mwamvita. "Huo wa kushoto huenda ukaufahamu."

Masolwa alipanda. Alichungulia. Alikaa huko juu muda mrefu kuliko inavyohitajika kuutazama ungo, na aliposhuka alishuka kwa kisigino, taratibu, kama ngazi zilikuwa zimeongezeka.

"Inaweza ikawa bahati tu," alisema Mathias, ambaye hakujua kilichotokea juu ya stuli. "Uyoga ukiwepo au usipokuwepo, mota ikiwa mbovu ni mbovu."

"Vizuri. Tujaribu."

Bi Mwamvita aliziteremsha nyungo, akasubiri inveta ipoe, akabonyeza kitufe chekundu kwa fundo la kidole kana kwamba kina ugonjwa, na kinu kikaamka. Kisha akabonyeza kishale kwenye kioo, mara tatu, mpaka ikatokea namba ya joto ndani ya inveta. Kijitabu kiliieleza, kwenye ukurasa uliofuata ule wa F7, ambao Mathias hakuufikia. Hamsini na nane. Wakakoboa magunia mawili. Hamsini na nane, sitini, hamsini na tisa.

"Rudisha," alimwambia Rustika.

Nyungo zikapanda. Foleni nzima sasa ilikuwa imezunguka kabati, shingo zimenyooshwa, watu wakisoma kioo kwa sauti kama watoto wa darasa la kwanza. Sitini na tatu. Sitini na nane. Mtu mmoja akasema itasimama sabini, mwingine akasema tulia wewe. Sabini na nne. Mita ya Bi Mwamvita ilikuwa imebana waya wa mota muda wote huo, na yenyewe ilikaa kwenye ishirini na tisa bila kujali kelele. Themanini na moja. Mathias alikuwa anaangalia viatu vyake. Themanini na tano, kinu kikashuka sauti, kikanung'unika, kikanyamaza. F7.

"Ushindwe," alisema yule mama aliyehama foleni, na haikueleweka anamwambia nani.

"Mota ilikula ngapi, injinia?"

"Ishirini na tisa," alisema Mathias.

"Sijasikia. Huku nyuma kuna wateja wa vinu vyote vya Urambo, nao hawajasikia."

"Ishirini na tisa. Mota haina kosa."

Masolwa alimgeukia Rustika, mdomo ukafunguka, na Bi Mwamvita akauwahi.

"Mfukuze, mzee. Halafu kesho Ijumaa utakula nini?"

Kulitokea kicheko kimoja nyuma ya magunia, kikazibwa kwa khanga. Masolwa alifunga mdomo. Alipoufungua tena alisema kwamba, kwa kweli, ukutani pembeni ya kabati, umbali wa mkono mzima kutoka kwenye matundu, mbao mbili zingeweza kupigiliwa, hewa ya moto ikawa inafika bila kuzibwa. Alisema kama amefikiri mwenyewe. Bi Mwamvita alimwachia.

Daftari hakumwachia mtu. Alilivuta kwenye kamba yake, akaweka mstari wa kumi na tano chini ya mwandiko mzuri wa Mathias, kwa herufi zake kubwa za karakana: F7. Nyungo mbili za uyoga, mmoja wa vichwa vitupu, juu ya matundu ya hewa. Zimeondolewa. Mota nzima.

"Andika hewa iliziba," aliomba Masolwa kwa sauti ya chini. "Inatosha."

"Iliziba na nini?"

"Bi Mwamvita."

"Iliziba na nini, mzee?"

Masolwa alichukua kalamu, akatia sahihi. Bi Mwamvita aliushika mkono wa Mathias, akampa kalamu naye. Kisha akaupiga picha ukurasa ule, akaituma kwenye kundi la mafundi bila neno hata moja, akaingiza simu kikapuni na kurudi kwenye foleni, maana mpunga wa shemeji ulikuwa bado haujakobolewa.

Foleni ilimpisha mbele. Akakataa.

Simu iliguna mara moja kikapuni, ikakaa kimya muda mrefu. Kwenye basi la kurudi Tabora ndipo alipoifungua. Watu mia mbili na kumi na moja walikuwa wameiona picha. Hakuna kikatuni hata kimoja. Mmoja tu, kati ya wale tisa waliojifunza koleo kwake, alikuwa ameandika kuuliza kama uyoga huo wa Urambo bado upo, na kama vijiti vinauzwa peke yake.